Anayetafuta kazi aachwe asome mkataba kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jinsi vijana wanaotafuta kazi hapa Dodoma wanavyoharakishwa kutia saini mikataba wasiyoisoma.

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliyetoka Kongwa na cheti chake cha ufundi umeme, aliitwa na kampuni moja ya hapa mjini. Jina lake silitaji, maana nia yangu si kugombana na mtu. Alikuta wenzake zaidi ya kumi wamepanga foleni barazani. Kila mmoja alipewa karatasi tano za Kiingereza, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia saini, kisha akampisha anayefuata. Jioni nilipomwuliza mshahara ni kiasi gani, alinitajia ule alioambiwa kwa mdomo. Saa za kazi hakuzijua. Nakala je? Imebaki ofisini.

Kesho yake nilikwenda naye. Karani hakuwa mkali, hata kiti alinipa. Lakini jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Mzee, kama yeye hataki, walioko nje wanataka."

Ndugu Mhariri, hiyo si hiari. Mtu aliyekaa miaka miwili bila kazi, na nauli ya kuja mjini kaikopa, atatia saini hata kama karatasi ile ni hati ya kuuza shamba la baba yake.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Tena inasema kwamba kama mfanyakazi hayaelewi maelezo hayo, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Na shauri likifunguliwa, mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Mimi si mwanasheria, lakini "ampe" ninavyoelewa ni kumpa mkononi, si kufungia kabatini.

Na Kiingereza ni cha nini? Mwaka 2021 Bunge, likikaa hapa hapa Dodoma, lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Fundi na karani wanasalimiana "mbukwa", wanapatana kazi kwa Kiswahili, halafu wanaandikiana Kiingereza!

Wazee wetu walioandikishwa manamba katika mashamba ya mkonge wakati wa Mwingereza walibonyeza dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Hawakuwa wamekwenda shule. Kijana wa leo amesomeshwa, ila ananyimwa dakika za kusoma.

Wapo vijana wanaotoroka kazini wiki ya pili, na mwajiri ana haki ya kulalamika. Lakini nashuku wengine hutoroka kwa sababu ndipo wanapogundua walichokitilia saini.

Naomba maofisa kazi wanapokagua wasiishie kuuliza kama mikataba ipo. Ipo, makabati yamejaa. Wawaulize wafanyakazi wenyewe nakala zao ziko wapi. Na waajiri wamruhusu mtu aondoke na karatasi zake, alale nazo usiku mmoja, azisome nyumbani pamoja na wakubwa zake. Kampuni haiwezi kufilisika kwa usiku mmoja.

Mpwa wangu ameanza kazi. Nakala hajapewa mpaka leo; anaambiwa bosi yuko safarini.

Msomaji wako,
Area D, Dodoma.