Dini Mpya, Maafisa Uhusiano na Heshima ya Kuazima

Kila dini ilikuwa mpya siku moja, na ni chache mno ambazo hazikutiliwa shaka na majirani zake zilipoanza. Natanguliza jambo hili kwa makusudi, ili msomaji asidhani kwamba nimeshika kalamu kuwashtaki watu kwa kosa la kuabudu tofauti na wengi. Uhuru wa kuabudu haukuwekwa kwa ajili ya madhehebu makubwa peke yake. Kikundi kidogo kinachosingiziwa kina haki ya kujibu, na kikiwa na uwezo wa kumwajiri msemaji hodari, na kimwajiri. Swali linalonishughulisha leo ni jingine: msemaji huyo anauza bidhaa gani, na bidhaa hiyo anaipata kwa nani?

Wanafunzi wangu wa uandishi wa habari na uhusiano wa umma huniuliza kama ni halali kwa mtaalamu kupokea mshahara wa kusafisha jina la dini inayolalamikiwa. Huwa nawapeleka Japani, kwa sababu huko somo hili lilifundishwa kwa gharama ya uhai wa watu, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake iko wazi kwa yeyote anayetaka kusoma.

Aum Shinrikyo ilianza mwaka 1984 kama kikundi kidogo cha yoga jijini Tokyo, chini ya Shoko Asahara. Mwezi Agosti 1989 ilisajiliwa kuwa shirika la kidini, hadhi iliyoipa nafuu ya kodi na kuifanya serikali isite kuiingilia. Wakati huohuo wazazi wa vijana waliojiunga nayo walikuwa wakilia kwamba watoto wao wamekatwa na familia zao na kutakiwa kukabidhi mali zao. Wakili kijana aitwaye Tsutsumi Sakamoto aliichukua kesi yao. Oktoba 1989 kituo cha televisheni cha TBS kilirekodi mahojiano naye. Kabla hayajarushwa, wajumbe wa Aum walifika kituoni kulalamika, wakaonyeshwa mkanda, na kipindi kikaondolewa. Hakuna aliyemwarifu wakili kwamba wale aliowasema wameyaona maneno yake. Siku chache baadaye, alfajiri ya Novemba 4, wafuasi wa Aum waliingia nyumbani kwake Yokohama wakamuua yeye, mke wake na mtoto wao mchanga. Miili yao ilipatikana mwaka 1995. TBS ilikana habari ya mkanda ule hadi mwaka 1996, ilipokiri na mkuu wake akajiuzulu.

Ukiitazama ziara ile ya Oktoba bila kujua kilichofuata, huoni ajabu yoyote. Wajumbe wa taasisi wamekwenda kwenye chombo cha habari kueleza upande wao na kuomba habari yenye madhara kwao isitoke. Hiyo ni kazi ya kila siku ya afisa uhusiano, na kila mhariri ameshapokea wageni wa namna hiyo. Kosa kubwa lilikuwa la kituo, kilichotoa kilichokabidhiwa kwa amana, kisha kikanyamaza hata baada ya familia nzima kutoweka. Hapo ndipo jibu la swali langu linapoanza kuonekana. Msemaji wa dini inayotiliwa shaka hana imani ya kuuza, kwa kuwa imani huuzwa na mhubiri. Yeye hutafuta kuaminika, na kwa kuwa taasisi yake haiaminiki, hana budi kuazima kuaminika kwa wale wanaoaminika tayari.

Aum waliazima pia katika nyumba ya taaluma, nami kama mhadhiri siwezi kulipita jambo hili kimyakimya. Chini ya Mlima Fuji, katika kijiji cha Kamikuishiki, walikuwa na jengo waliloliita Satyan namba 7. Ndani yake mlikuwa na mitambo ya kutengenezea gesi ya sumu ya sarini. Mbele ya mitambo hiyo walisimamisha sanamu kubwa la ibada lililochongwa kwa povu gumu la plastiki, lile ambalo kwetu hufungashiwa televisheni mpya. Januari 1995 gazeti la Yomiuri liliandika kwamba mabaki ya sarini yamegunduliwa karibu na kijiji hicho, na Aum wakajibu kuwa wao ndio wanaoshambuliwa kwa gesi. Katika kipindi hicho profesa mmoja wa Kijapani wa taaluma ya dini alikaribishwa katika jengo hilo, akaandika kwamba ni mahali pa ibada. Aliona alichoonyeshwa. Baadaye mwaka huohuo aliachana na chuo chake.

Machi 20, 1995, sarini ilimwagwa katika treni za chini ya ardhi za Tokyo wakati wa watu kwenda kazini. Watu zaidi ya 10 walikufa na maelfu waliumia. Aum walimrudisha kutoka Urusi Fumihiro Joyu, msomi wa Chuo Kikuu cha Waseda aliyewahi kufanya kazi katika shirika la anga la Japani, awe msemaji wao. Alikuwa kijana mtanashati, mwepesi wa hoja, mwenye Kiingereza fasaha. Karibu kila siku alikaa mbele ya kamera akikanusha, na vituo vikamgombania kwa sababu watazamaji walimpenda. Wasichana walianzisha vikundi vya kumshangilia. Katika majuma hayo wapo waliokuwa hospitalini wakipigania macho na pumzi zao, na sura iliyotawala televisheni ilikuwa ya yule anayewatetea waliowatia sumu. Joyu alifungwa miaka mitatu kwa makosa ya ushahidi wa uongo na nyaraka za kughushi.

Mwezi Mei 1995 wakafika wageni kutoka Marekani, miongoni mwao wataalamu wa dini mpya J. Gordon Melton na James R. Lewis. Gharama za safari zililipwa na Aum. Walisema wanahofia kwamba dini ndogo inanyanyaswa na polisi. Lewis aliwaambia waandishi wa habari kwamba Aum hawangeweza kutengeneza sarini, akitegemea picha na nyaraka alizopewa na Aum wenyewe. Asahara alikamatwa katikati ya mwezi huohuo, na mahakama zikathibitisha mmoja mmoja nani alichanganya kemikali zipi na nani alizibeba. Yeye na wafuasi wake 12 walinyongwa Julai 2018.

Sisemi wasomi wale walikuwa waongo. Naamini walikuwa na hofu ya kweli, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1994 sarini ilipomwagwa katika mji wa Matsumoto, polisi na magazeti walimwelekezea kidole Yoshiyuki Kono, mkazi aliyeshuku jambo na kutoa taarifa, ambaye mke wake alipoteza fahamu kwa gesi ileile na hakuzinduka hadi alipokufa mwaka 2008. Kono hakuwa na hatia yoyote. Umma ukishapata mtu wa kulaumiwa hauna subira, kwa hiyo mtu au kikundi kinachozomewa kinastahili mtu wa kuuliza ushahidi uko wapi. Hata hivyo, anayeuliza ushahidi kwa niaba ya umma hapaswi kusafirishwa, kulazwa na kutembezwa na mshukiwa. Akikubali hayo, ametoka katika utafiti na kuingia katika idara ya uhusiano, hata kama moyoni mwake hajui.

Kuna watakaosema kwamba Aum ni mfano uliopita kiasi. Basi tuchukue kikundi kisichomwaga sumu popote. Kanisa la Muungano, lililoanzishwa na Sun Myung Moon mjini Seoul mwaka 1954, limelalamikiwa Japani kwa miongo mingi kwa kukamua michango kutoka kwa waumini hadi familia zao zikafilisika. Kanisa hilo na mashirika yake huandaa makongamano ya amani yenye wageni wazito. Septemba 2021 Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani, alituma ujumbe wa video kwa mkutano wa shirika moja lenye uhusiano nalo, akitoa heshima zake kwa mjane wa Moon. Ulikuwa ujumbe wa dakika chache. Kwa mtu ambaye mama yake alilipa kanisa hilo takriban yeni milioni 100, video ile ilikuwa na maana nyingine. Julai 8, 2022, mtu huyo alimuua Abe kwa bunduki aliyoiunda mwenyewe.

Hakuna kinachohalalisha mauaji hayo. Lakini ni baada ya mauaji tu ndipo chama tawala kilipowahoji wabunge wake, na 179 kati ya 379 wakabainika kuwa na uhusiano wa aina fulani na kanisa hilo. Machi 2025 mahakama ya wilaya ya Tokyo iliamuru shirika hilo livunjwe. Malalamiko ya familia yalikuwapo kwa miaka yote hiyo. Kilichowazuia watu kuyasikia ni safu ya watu wenye heshima waliokaa meza ya mbele.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuitazama Japani kwa mbali. Tuna Kanungu ya mwaka 2000 nchini Uganda. Tuna Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, na ambako kesi bado zinaendelea. Wachungaji na manabii wetu wengi hawahitaji kampuni za uhusiano wa umma, kwa kuwa kazi hiyo tunawafanyia wenyewe, tena kwa bei nafuu. Kituo cha televisheni kinauza saa za matangazo bila kuuliza kinachotangazwa. Mwanasiasa anakubali kuwa mgeni rasmi kwa sababu uwanja utajaa wapiga kura. Msomi naye anaombwa aje aseme maneno mawili, akija anatambulishwa kwa shahada zake zote, na picha yake inabaki kwenye mabango muda mrefu baada ya yeye kuisahau siku ile.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawajibu hivi. Kumsemea anayesingiziwa ni kazi halali, mradi mwajiri wako ajulikane na usiseme usichokijua. Ukianza kutafuta mtu wa heshima wa kuweka mbele ya jengo usiloruhusiwa wewe mwenyewe kuingia, ondoka. Na sisi tunaoombwa heshima hiyo tuna wajibu wa kuwatafuta kwanza waliojitoa katika kikundi husika na wazazi waliopoteza mawasiliano na watoto wao, tuwasikilize bila mwenyeji kuwapo, na nauli tulipe wenyewe. Tukishindwa kufanya hayo, basi tukae nyumbani siku ya sherehe. Kiti kitupu kwenye meza ya mbele nacho ni taarifa kwa umma.