Mercedes ya zamani haihitaji tairi kubwa, inahitaji resori nzima

Mjini Bukavu na Goma bado kunaonekana Mercedes 123, zile 200 D na 240 D za wakati wa Zaire. Ujerumani ilizitengeneza kati ya 1976 na 1986, karibu milioni 2.7, na wenye kuzimiliki hawako tayari kuziacha: injini yake ya mazuti inavumilia, na fundi wa mtaa anaijua kwa mikono bila kompyuta. Wengine wameirithi kwa baba. Wengine inawalishia watoto. Ni gari ngumu, lakini kwa sasa wenyewe ndio wanaiharibu, na wanaanzia nyuma, kwenye ile nafasi ya chini ya karoseri ambamo gurudumu linacheza.

Mambo yanakwenda hivi. Barabara ni mbaya. Goma kuna mawe ya volkano, na tangu Nyiragongo ipitishe moto katikati ya mji mwaka 2002 hakuna shofere asiyejua namna jiwe lile linavyokata. Bukavu ni mashimo na milima. Mwenye gari anachoka kusikia chini ya gari ikigonga, anakwenda kwa muuzaji wa tairi za okazio na kuomba kitu "kikubwa kidogo". Muuzaji anampa alichonacho. Garajini gurudumu linaingia, linazungushwa kwa mkono, haligusi kitu. Watu wote wanafurahi. Siku ya pili watu watatu wanakaa nyuma, magunia mawili yanaingia ndani ya bute, na kwenye shimo la kwanza inasikika: krrr.

Hapo fundi anatoa dawa yake: kukata ukingo wa karoseri kwa mashine, ao kuupiga nyundo ugeuke juu. Hiyo si dawa. Ukingo ule umekunjwa makusudi, ndio unaoshikilia bati lisicheze. Ukikatwa, rangi inaondoka, maji na matope vinaingia katikati ya bati mbili, na kutu inaanza mahali jicho halifiki. Karoseri ya gari ya miaka zaidi ya 40 haina akiba ya kupoteza namna hiyo.

Tena, faida yenyewe ni ndogo sana. Kiwanda kiliweka kwenye gari hizi 175 R14, na kwa zile zenye nguvu zaidi 195/70 R14. Hesabu ya hiyo ya pili si ngumu: upana ni milimita 195, ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 136.5, na janti ya 14 ina milimita 356. Ubavu wa chini, janti, ubavu wa juu: jumla 629. Sasa mtu aweke 205/75 R14. Inafika 663. Anaona amepata milimita 34, kumbe nusu yake iko juu ya ekseli. Gari imepanda milimita 17 tu, upana wa kidole kimoja. Na kidole kile kile kimetolewa katika nafasi ya gurudumu, juu, pale inapohitajika zaidi.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Tairi hiyo inalemea injini kwa zaidi ya asilimia 5, sawa na kumwongezea dereva vitesi virefu ambavyo hakuviomba. 200 D za kwanza zilikuwa na farasi 55. Farasi 55, kwa mlima wa Bukavu, na watu watano ndani! Mshale nao unadanganya: unasema 60, gari inakwenda 63.

Wanaotetea tairi kubwa wanasema kweli jambo moja: gari iko chini mno. Ila iko chini kwa sababu resori za nyuma zimelala. Zimebeba mahindi, mitungi na watu kwa miaka makumi, na gomu zake zimekwisha. Gari iliyolala hivyo inaweza kupungukiwa kimo kuliko kile kidole kimoja, na hapo hata tairi ya kiwanda itaanza kugusa. Mwenye dolari chache aanze na resori na gomu, kisha ndipo aulize bei ya tairi. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu tairi inaonekana na resori haionekani.

Kuna pia namna ya kupima. Gurudumu la nyuma la 123 halipandi moja kwa moja. Linashikwa na mkono wa chuma uliowekwa mshazari, kwa hiyo mzigo ukiongezeka, kichwa cha gurudumu kinaegemea ndani. Ndiyo sababu kipimo cha gari tupu hakina maana: nje kunaonekana nafasi ya kutosha, huku ndani, upande wa shasi, bega la tairi linasugua kimyakimya. Mwenye gari apakize mzigo wake wa kawaida, apake chaki kwenye ukingo na kwenye ukuta wa ndani, apite mtaa wenye mashimo polepole, kisha alale chini aangalie. Chaki iliyofutika inasema ukweli kuliko muuzaji.

Janti nayo isisahaulike. Ya kiwanda imeandikwa ET 30. Anayenunua janti ya 15 ya Mercedes mpya zaidi, yenye ET 48, gurudumu lake linaingia ndani milimita 18 hata kama upana ni uleule. Tairi ya 195/65 R15 ina milimita 634, karibu sawa na ya zamani, ni chaguo zuri kwa kimo. Lakini kimo kizuri hakisaidii kama janti imesukuma tairi mpaka kwenye shasi.

Ni kweli 175 R14 ni vigumu kuipata. Mara nyingi ile inayopatikana ni 185 R14 C, tairi ya Hiace. Ni ngumu kidogo, inatikisa, lakini inabeba; ijaribiwe kwa chaki kama nyingine. Kabla ya kulipa, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT zisomwe: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya namna hiyo, hata ikiwa na meno mazuri, isubiri mteja mwingine. Tairi iliyosuguliwa begani inakufa kwa joto, na mahali pa kufia hapachaguliwi. Wanaoteremka Ngomo kuelekea Kamanyola wanajua upande mmoja wa barabara ile kuna nini.

Na ile tairi ya akiba ndani ya bute iwe ya kipimo kilekile. Tairi mbili za nyuma zisizolingana kimo zinazungusha gia za ekseli bila kupumzika, hata barabara ikiwa imenyooka, na ekseli ya 123 siku hizi haipatikani kirahisi.