Fataki, Baruti na Pamba

Huko Marekani, wawindaji na walenga shabaha wengi hawatupi ganda la shaba bunduki ikishalia. Huliokota, wakalitia fataki mpya, baruti na risasi, likatumika tena kwa gharama ndogo. Lakini tangu 2020 uwekevu huo umekuwa ghali. Fataki elfu moja, zilizokuwa zikipatikana kwa dola 30 na kitu, zilifika kupita dola 100.

Sababu ni nini? Kwanza, hofu ya korona: watu walinunua kwa pupa, walanguzi wakaficha. Mwaka huo huo Remington, iliyokuwa ikitengeneza fataki Lonoke, Arkansas, ilifilisika. Kisha 2022 vikaja vita vya Ukraine. Baruti isiyo moshi hutokana na pamba iliyotiwa asidi, na pamba hiyo ndiyo inayotakiwa na mizinga. Jeshi likitaka, mwindaji husubiri.

Nionavyo mimi, ndugu msomaji, mwekevu huyo alidhani ameliepuka duka, kumbe amebadili mlango tu. Mwenye kiwanda cha fataki ndiye mwenye bei. Nasi tusimcheke: vita hivyo hivyo vilitupandishia ngano.