Gari la okazio Goma: ukaguzi wote umebaki mikononi mwa mnunuzi

Mjini Goma, anayenunua gari la okazio analipa noti za dola mkononi, na siku hiyo hiyo muuzaji anaweza kuwa amekwisha kuvuka mpaka. Tangu AFC/M23 ilipouteka mji mwisho wa Januari 2025, benki za biashara zilifunga milango. Mnunuzi hana mkopo wa benki wala malipo anayoweza kuyazuia akigundua kwamba amedanganywa. Kwa dereva wa teksi, au familia iliyoweka akiba kwa miaka, gari moja bovu linatosha kumaliza mtaji wote.

Magari mengi yanayouzwa hapa ni Toyota: Corolla, Carina, RAV4, Noah. Mengi yalitembea kwanza Japani, mengine yakapitia Dubai, yakashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakapanda kwa barabara hadi Kivu. Njiani kuna nchi zenye masharti makali. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 kwa ajili ya soko lake. Uganda nayo, tangu 2018, imefunga mlango kwa magari yenye zaidi ya miaka 15. Gari linalokataliwa kwenye soko moja hutafuta jingine. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu magari madogo milioni 14 ya mtumba yaliyouzwa nje ya nchi kati ya 2015 na 2018. Asilimia 80 yalikwenda katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya hayo yaliishia Afrika. Goma iko karibu na mwisho wa mstari huo.

Uongo wa kwanza ambao mnunuzi anakutana nao ni kilometa. Gari la 2003 linaonyesha 80,000, na komisioneri anaapa kwamba lilikuwa la mzee aliyekuwa akienda nalo sokoni tu. Nambari hizo hurudishwa nyuma kwa kompyuta ndani ya dakika chache. Pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva haziwezi kurudishwa namna hiyo: mpira wa pedali ukiwa umeisha hadi chuma, gari limetembea sana. Cheti cha Japani cha kuruhusu gari kutoka nchini kikiwepo, kiombwe, kwa sababu huandikwa kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho kule. Mwaka wa kutengenezwa pia usichukuliwe kwa maneno. Uvute mkanda wa usalama hadi mwisho na usome lebo iliyoshonwa chini. Mara nyingi ina tarehe. Kwenye pneu kuna tarakimu nne: 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Pneu yenye meno mazuri lakini ya 2015 ni mpira uliokufa.

Halafu kuna usukani. Kongo watu wanatembea kuume, lakini Japani ni kushoto, kwa hiyo magari mengi yanafika na volani upande wa kulia. Mengine huhamishwa volani garajini. Kazi hiyo ikifanywa vibaya, dereva anashika chuma kilichounganishwa kwa kuchomelea tu. Inabidi kuinama chini ya dashibodi na kutazama viungo vya usukani na ukuta unaotenganisha moteri na dereva: matobo yaliyozibwa, rangi isiyofanana, soda mpya. Hata gari ambalo halikuguswa lina shida yake. Taa zake zimetengenezwa kumulika pembeni kushoto, kwa hiyo usiku zinampofusha anayekuja mbele. Na Noah au Hiace nyingi za zamani zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto peke yake, yaani abiria wa Goma anashuka katikati ya barabara, pikipiki zikipita. Anayenunua kwa ajili ya teksi angefaa kulifikiria hilo kabla ya kufikiria redio.

Mji wenyewe unakula magari. Mawe ya Nyiragongo, ya 2002 na ya 2021, yamejaa kwenye barabara za ndani za kata, na vumbi lake linaingia kila mahali. Amortiseri na rotile huisha mapema kuliko mahali pengine. Fundi anyanyue gari, ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Likicheza, kuna gharama. Kutu itafutwe chini ya shasi na si kwenye milango, maana milango hupakwa rangi na chini hakuna anayepaka. Kuhusu mafuta, gari lililozoea kunywesha chupa za akina kadhafi kando ya barabara linaweza kuwa na pompa na enjekta zilizochoka, hata kama moteri inalia vizuri kwa dakika tano.

Moteri isikilizwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeliwasha gari kabla ya mteja kufika ana sababu yake, na jibu zuri ni kurudi kesho asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, pamoja na oili yenye rangi ya maziwa chini ya kifuniko, ni maji yanayoingia mahali pasipofaa, na hapo mazungumzo ya bei yaishe. Ufunguo ukizungushwa, taa ya moteri kwenye dashibodi lazima iwake kwanza kisha izimike. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliyeiondoa. Baada ya hapo gari lipandishwe mlima kuelekea Kanyaruchinya, si kuzungushwa rond-point tu. Boite otomatike iliyochoka hujionyesha kwenye kupanda.

Lakini moteri inatengenezeka. Karatasi ndizo zinazoweza kumnyang'anya mtu gari zima. Siku za mapigano ya Januari 2025 maghala ya mashirika ya misaada yaliporwa, na raia walipoteza mali. Gari lililobadilisha mikono tangu wakati ule bila karte roze ya asili linaweza kuwa na mwenyewe anayelitafuta. Milango yenye alama za stika zilizobanduliwa inahitaji maelezo. Nambari ya shasi isomwe kwenye chuma chenyewe, ilinganishwe na karte roze na karatasi ya duwani, herufi kwa herufi. Magari ya soko la Japani hayana tarakimu 17 kama ya Ulaya; yana herufi chache, mstari, kisha nambari. Chuma kilichosuguliwa au kuchomelewa kuzunguka nambari hiyo kinatosha kuondoka.

Tatizo jipya ni nani anayetoa karatasi. Kinshasa haitambui utawala wa AFC/M23, na serikali ya jimbo imehamishia makao yake ya muda Beni. Karatasi iliyotolewa Goma chini ya utawala huu inaweza kupita bila swali mjini na kuzua swali Butembo. Anayetaka gari la kutembea pande zote mbili atafute lile ambalo karatasi zake zilikamilika kabla ya Januari 2025, na muuzaji awe yule yule aliyeandikwa humo. Kama siye, kila mauzo ya katikati yawe na mkataba wake, jina na nakala ya karte ya uchaguzi.

Yote haya yanahitaji fundi ambaye hakuletwa na komisioneri. Komisioneri analipwa gari likiuzwa, hata kama litasimama Ndosho wiki inayofuata. Fundi alipwe na mnunuzi, apewe pesa zake hata kama jibu lake ni hapana, na noti za dola zibaki nyumbani siku ya ukaguzi.