Gari limezimika Lurujo, kitabu chake ni cha Kijapani

Gari dogo linapozimika Lurujo, katika njia ya Arua na Koboko, msaada hauchelewi. Kamba inatafutwa, gari jingine linasimamishwa, gia inawekwa fri, yaani nyutro, na safari ya kwenda kwa fundi inaanza. Kwa gari la gia za mkono, utaratibu huo hauna ubaya mkubwa. Kwa gari la otomatiki, kamba hiyo inaweza kuleta hasara kubwa kuliko hitilafu iliyolisimamisha gari lenyewe.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna oili inayofanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inazibana klachi zishike, inalainisha vyuma na kuondoa joto. Oili hiyo inasukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikizimika, pampu nayo inasimama. Lakini gari likivutwa huku magurudumu yanayoliendesha yakiwa chini, shafti za upande wa magurudumu zinaendelea kuzunguka, zikiwa kavu au karibu na kavu. Nyutro haizuii hilo. Inaitenga injini na magurudumu, lakini magurudumu yanabaki yameshikana na giaboksi. Kilomita chache za mwendo wa pole huenda zisidhuru. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu umbali mfupi, mara nyingi kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Wengine wanakataza kabisa. Kutoka Arua hadi Koboko ni takriban kilomita 55 za lami, na lami nzuri humshawishi anayevuta aongeze mwendo.

Hapo ndipo dereva anapoingia hasara asiyoijua. Gari lililosimama kwa sababu ya mkanda wa injini uliokatika linafika gereji, mkanda unabadilishwa, na baada ya wiki giaboksi inaanza kuteleza. Fundi wa Arua atamwambia kuwa giaboksi ya mtumba inapatikana Kisekka, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapo. Dereva ambaye gari si lake, anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, atalaumiwa kwa kuendesha vibaya. Hakuna atakayeikumbuka kamba.

Mazoea ya fri hayaishii kwenye kuvuta. Wapo madereva wanaoamini kwamba kushuka mteremko katika nyutro kunaokoa petroli, na mteremko mrefu wa kutoka Nebbi kuelekea Pakwach unawapa nafasi nzuri ya kulijaribu hilo. Enzi za kabureta imani hiyo ilikuwa na mantiki. Magari ya sasa yanapulizia mafuta kwa kuongozwa na kompyuta: gari likiwa kwenye gia, dereva akaondoa mguu, kompyuta inakata mafuta na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Anayedhani anaokoa, anamwaga. Tena anaporudisha gia huku gari likikimbia, klachi za giaboksi zinasuguana na kupata joto hadi mwendo wa injini na wa magurudumu ulingane. Akizidi ujanja na kuzima injini kabisa, breki zinakuwa nzito mguuni, usukani unakuwa mgumu, na giaboksi inakosa oili kama ile ya gari linalovutwa.

Nchini Kenya, eneo la Salgaa kati ya Nakuru na Eldoret lilipata sifa mbaya kwa ajali za malori, na kwa miaka mingi mamlaka za barabarani ziliwalaumu madereva wanaoshuka kilima wakiwa fri ili kuokoa dizeli. Ni njia hiyo hiyo inayopitisha mizigo ya Arua kutoka bandari ya Mombasa, mingine ikiendelea hadi Ariwara nchini Kongo au Yei nchini Sudan Kusini. Ushauri wa madereva wa malori husafiri na mizigo yao. Kijana anayejifunza udereva Koboko anaurithi kutoka kwa watu waliozoea gia za mkono, kisha anaenda nao kwenye Toyota ya otomatiki iliyotoka Japani.

Na hapa ndipo suala linapotoka gerejini na kuwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya magari yanayoingia Uganda, Kenya na Tanzania yalitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa Japani. Kitabu cha maelezo, kama bado kimo ndani ya gari, ni cha Kijapani. Stika za tahadhari ni za Kijapani. Mengine yakiwashwa asubuhi yanamwambia dereva kwa sauti ya upole kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, kadi ambayo haina kazi yoyote huku. Ukurasa unaokataza kuvuta gari upo. Umeandikwa kwa lugha isiyosomeka kuanzia Vurra hadi Oraba.

Serikali zimeshughulika zaidi na umri wa magari. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Uganda, tangu sheria ya 2018, inakomea miaka 15. UNBS ya Uganda na KEBS ya Kenya zinataka magari yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini, na gharama ya ukaguzi huo anabebeshwa mnunuzi. Breki zinatazamwa, kutu inatazamwa. Anayelinunua gari hilo hapewi hata mstari mmoja wa kumweleza namna ya kulitunza.

Lugha ya kuandikia mstari huo ipo. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Februari 2021 kwamba Kiswahili kiwe moja ya lugha zake rasmi, na baraza la mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingeweza kushughulikia istilahi. Atakayesema kwamba wenyeji wa huku wanazungumza Kilugbara na Kikakwa hajakosea, lakini fundi wa Koboko anayehudumia gari la Mkongomani asubuhi na la mtu wa Yei mchana anahitaji lugha inayovuka mpaka, na kwa muda mrefu Kiswahili kimefanya kazi hiyo West Nile bila amri ya mkutano wowote.

Karatasi inayohitajika ni fupi. Ieleze aina ya oili ya giaboksi, kwa kuwa giaboksi za CVT zina oili yake na ya kawaida huziharibu. Iseme kwamba gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele likivutwa, la nyuma linyanyuliwe nyuma au lifunguliwe propela shafti, na la magurudumu yote manne libebwe juu ya lori. Ionye kwamba otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, hata wajitokeze vijana kumi wa kusukuma. Magari ya haibridi kama Prius yawe na mstari wao peke yao: magurudumu ya mbele yakizunguka barabarani yanazungusha mota ya umeme, na mota hiyo inaweza kuzalisha umeme hata gari likiwa limezimwa. Mkaguzi aliyeko Japani tayari anajaza fomu ya kila gari. Kuongeza karatasi hiyo kwenye kisanduku cha dashibodi kabla meli haijang'oa nanga ni kazi ya dakika moja.