Mkono umevimba, serumu inaendelea

Kwenye hospitali zetu, familia njo inanunua serumu, inanunua sindano, inalala chini ya kitanda. Lakini siku dawa inatoka nje ya mshipa na kuingia ndani ya nyama, familia hiyo hiyo inaambiwa ingoje tu. Tunakataa.

Maji ya chumvi ya kawaida yakivuja, mara nyingi uvimbe unaisha. Lakini glukozi nzito ya 50%, kalsiamu na potasiamu vinaweza kuua nyama mpaka ngozi inakuwa nyeusi na kidonda kinafunguka. Kinini nayo inachoma mishipa, na inarudishwa pahali artesunate imekosekana, hata kama OMS ilipendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali tangu 2011. Mtoto mdogo hawezi kusema "hapa panauma". Analia tu, na wakubwa wanasema ni homa.

Njo maana kila kijana anayelinda mgonjwa aangalie pahali sindano imeingia. Pasifunikwe na bandeji nzito. Pakivimba, pakiwa baridi ao pekundu, ita muuguzi palepale, hata saa nane ya usiku. Afunge serumu kwanza. Asichomoe sindano mbio mbio, maana kupitia humo anaweza kuvuta dawa iliyobaki. Mkono uinuliwe, mpaka wa uvimbe uchorwe na biki, saa iandikwe kwenye fishi. Kukanda, hapana! Na maji ya moto ya tantini yangoje: dawa zingine zinataka baridi, zingine joto, daktari njo aseme.

Hatuandiki haya kwa kuwapiga wauguzi. Wengi hawalipwi na Serikali, na usiku mtu anabaki peke yake na wagonjwa wote. Atafika saa ngapi kwenye kitanda cha mwisho? Wenye kujibu ni wale wanaopanga bajeti. Kule Abuja, 2001, viongozi wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya.

Tunadai kila dawa iliyovuja iandikwe, na familia ipewe nakala. Kidonda kilicholetwa na serumu ya hospitali kisilipishwe hata franga moja, na mgonjwa asizuiliwe kwa deni lake. Barua tunaipeleka kwa daktari mkuu wa kila zone ya afya mjini. Tutarudi kuuliza jibu.