Jina la Uanagenzi na Haki ya Mwalimu

Wapo wasemao kuwa mwalimu mwanagenzi hana la kudai, kwani angali anajifunza. Hoja hii haina nguvu. Aprili 2024 mahakama ya ajira nchini Kenya iliamua kuwa kumwajiri kwa jina hilo mwalimu aliyekwisha kufuzu na kusajiliwa ni kukiuka haki zake. Wa sekondari msingi walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, tena kabla ya makato, ilhali darasani walibeba mzigo wa mwalimu kamili. Januari 2025 wanagenzi 46,000 walipewa ajira ya kudumu, alhamdulillahi. Mwaka huohuo wakaajiriwa wanagenzi wengine.

Nasi wazazi tusijitoe. Ustadhi anayewasomesha wanetu madrasa kila alasiri, tunamlipa lini, na kiasi gani?